Ulimi wa Kuazima

Saa sita na robo feni lilizimwa, na watu wa jikoni wakaanza kukohoa bila sauti.

Kila mmoja alikuwa na mtindo wake. Mkata nyama alikohoa ndani ya kiwiko, kisu kikiwa bado mkononi. Mwoka mikate alijifunika uso kwa taulo lenye unga, mabega yakawa yanaruka kama ya mtu anayecheka msibani. Mpishi mkuu hakukohoa. Alisimama mbele ya sufuria sita, akamwaga kiganja cha pilipili kavu kwenye samli iliyochemka, moshi ukampanda usoni, na machozi yakamtoka kwa mazoea tu, kama bomba lililolegea. Akayafuta kwa bega. Akaongeza pilipili.

Feni lile kubwa la kuvuta moshi halikuwa bovu. Lilikuwa zima kuliko watu wengi mle ndani. Lakini mwaka jana mteja mmoja wa meza ya dirishani alikula, akashiba, akafika kwake, akaandika kwenye simu: "Chakula kizuri, ila kuna kitu jikoni kinanguruma kama lori la mchanga. Tulishindwa kusikilizana. Nyota tatu." Kesho yake ikatoka amri kwamba feni lizimwe saa zote za wateja, na kwamba kikohozi kisisikike ukumbini. Wiki hiyo hiyo ukumbini ikawekwa chemchemi ndogo ya maji, ya kutuliza watu roho. Wateja waliipenda. Waliiandika.

Mpishi mkuu walimwita Fundi. Alikuja pale miaka kumi na miwili iliyopita kumenya vitunguu, akafundishwa na mpishi mzee aliyeletwa kutoka India, mzee mkali asiyepima kitu. "Nyanya ya leo si nyanya ya jana," alikuwa akimwambia huku akimpiga kidoleni na mwiko. "Mtindi wa leo si mtindi wa jana. Ukipima kwa kijiko, unapika kijiko. Onja!" Mzee alipochoka akarudishwa kwao, Fundi akabaki na sufuria. Ukumbini, nyuma ya kioo, akawekwa bwana mmoja mrefu aliyekuwa muuza viatu. Akavishwa kilemba chekundu, akapewa kazi ya kugeuza mikate tanurini na kuinamisha kichwa wateja wanapompiga picha. Wateja waliamini ndiye mpishi mwenyewe. Jikoni walimwita Balozi.

Ulimi wa Fundi ulikufa kidogo kidogo, ndiyo maana hakukuwa na siku ya kuulilia. Kwanza iliondoka harufu ya kotimiri. Ikafuata karafuu. Asubuhi moja akatia sukari kwenye chai mara tatu, na watoto wakamtazama. Daktari wa zahanati alimmulika puani, akamwambia akae mbali na moshi miezi sita. Fundi akamshukuru, akawahi kazini kabla ya saa nne. Siku hizi chumvi, sukari na ndimu vilikuwa kitu kimoja mdomoni mwake, unyevu tu. Pilipili bado aliisikia, lakini hiyo si ladha, ni maumivu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeambiwa, wifi yake.

Wifi alikuwa mwosha vyombo wa jiko lile lile. Walimwita Sabuni. Ni Fundi aliyemwingiza, lakini hakuna aliyejua kuwa ni ndugu, maana mgahawa haukuajiri watu wawili wa nyumba moja. Kila asubuhi walitoka pamoja, wakifika kwenye kona ya duka la magodoro wanaachana. Mmoja anatangulia, mwingine anasimama anahesabu mpaka mia mbili. Ndani waliitana "dada Fundi" na "we Sabuni". Nyumbani watu saba walikula kwa mikono yao miwili: mama mzee wa Fundi, watoto watatu wa Fundi, mtoto mmoja wa wifi, na wao wenyewe. Mume wa wifi, mdogo wake Fundi, alikuwa utingo wa malori ya safari ndefu. Alirudi mara mbili kwa mwaka, akakaa siku nne, akaondoka na nauli ya kuazima.

Wenyewe walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Fundi anachota kijiko, anapita karibu na sinki kama anayetafuta mwiko, anakishusha kijiko chini ya ukingo wa meza. Wifi anainama kama anayeokota kitu, anaonja, anakitumbukiza majini. Akigonga sufuria mara moja, chakula kimekaa sawa. Mara mbili, chumvi haijafika. Akifungua bomba kwa nguvu, imezidi, ongeza maji. Hivyo tu. Miezi minane wateja walikula kwa ulimi wa mwosha vyombo, nyota zikawa zinamiminika, na Balozi akawa anainamisha kichwa.

Ijumaa hiyo dengu zilikuwa tayari saa sita na nusu. Fundi alipita sinkini. Nyuma yake sufuria ikagongwa mara mbili.

Akatia chumvi. Akakoroga, akapita tena. Mara mbili.

Akatia tena. Mkono wake ulisita juu ya sufuria. Mkono ulikuwa na kumbukumbu zake, miaka kumi na miwili ya kumbukumbu, nao ulikuwa unakataa. Lakini mkono hauna ulimi. Akapita mara ya tatu, na wifi, bila kumtazama, akagonga mara mbili.

Fundi akatia.

Kuku wa siagi hakuonjwa, kwa sababu wakati huo msimamizi aliingia, akasimama katikati ya jiko huku amefunga mikono mgongoni. Fundi akamkadiria kuku kwa macho, kwa rangi ya mafuta yaliyoelea. Alipotoka, biriani ilionjwa, sufuria ikagongwa mara moja tu. Hapo angalau alikuwa na hakika.

Kwenye dirisha la kupitishia sahani alitokeza mhudumu waliyemwita Redio, mtu ambaye ukitaka habari ienee humwambii ila unamwambia asimwambie mtu.

"Dada Fundi, habari za vitani! Meza ya saba wanakusifu. Yaani, wanamsifu Balozi. Kuna mama kafumba macho kabisa, nikadhani kasinzia, kumbe ni dengu."

"Na meza ya nne?"

"Meza ya nne usiulize. Bwana wa suti ya kijivu. Kanywa chupa mbili za maji, kaniita kwa kidole, kaniuliza dengu zetu tunazivua wapi."

Mkata nyama akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akakirudisha kwenye kiwiko.

"Rudisha nimtilie nyingine," Fundi alisema.

"Hataki nyingine. Ameshatoa simu."

Kupitia dirisha lile Fundi aliona kipande cha ukumbi: kitambaa cheupe cha meza, mkono wenye saa, kijiko kikiingia mdomoni kikitoka. Msichana mwenye miwani alikuwa anapiga picha ya mkate kutoka juu, kutoka ubavuni, kisha yeye na mkate. Bwana wa suti ya kijivu aliandika kwa vidole gumba viwili, amekunja uso kama mtu anayemjibu wakili. Meza ya pili walikuwa wanapangusa bakuli kwa mkate hadi likang'aa. Fundi alizitazama nyuso zile kama bubu anayetazama watu wakiongea.

Sahani zilipoanza kurudi, wifi alifanya kama ilivyoamriwa. Kabla ya kumwaga mabaki alinyunyiza sabuni ya maji juu ya kila sahani, juu ya wali, juu ya mapande ya kuku yasiyoguswa, ili asije mtu akala. Kamera ndogo iliyofungwa juu ya sinki majuma mawili yaliyopita ilikuwa pale kuhakikisha sabuni inamwagwa.

*

Jumamosi saa nne walipangwa mstari ukumbini, kando ya chemchemi. Kila siku ilianza hivyo. Msimamizi, waliyemwita Nyota kwa siri, alisimama mbele yao akayasoma maoni ya wateja kutoka kwenye simu, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtangazaji wa vifo.

"Nyota tano. 'Dengu hizi zingenifanya nimsamehe mume wangu. Mpishi wenu wa kilemba ni msanii.'"

Balozi akainamisha kichwa.

"Nyota moja. 'Dengu chumvi tupu. Tumekuja na mzee wetu mwenye presha, mlitaka tumzike?'"

Nyota akasogeza kidole kwenye simu.

"Nyota mbili. 'Kuku hana ladha. Kapambwa kama bibi harusi, ukimtafuna ni pamba.' Nyota tano. 'Kuku laini, mpole, hana makeke, hata watoto wamekula.' Nyota nne. 'Sauti ya maji inatuliza sana. Nimetoa nyota moja kwa sababu mwanamke wa chooni hakutabasamu.'"

Mwanamke wa chooni alitazama viatu vyake.

"Hebu tabasamu," Nyota akamwambia.

Akatabasamu.

"Kwa meno."

Akaonyesha meno. Nyota akamwangalia muda kidogo, akarudi kwenye simu.

"Sufuria moja. Chakula kimoja. Huyu anasema asali, huyu anasema bahari. Mwezi mzima sasa. Mnanieleza nini?"

Maji ya chemchemi yalitiririka.

"Tulikuwa nne na nusu. Leo asubuhi ni tatu na nukta tisa. Mkurugenzi kanipigia saa kumi na mbili, hata uso sijanawa. Kasema kufikia Jumatatu kama sijamwambia tatizo ni nani, analeta mpishi mwingine na jiko lake zima. Zima! Hata wa kumenya vitunguu." Akazungusha macho mstari mzima, yakatua. "Fundi, ofisini. Na wewe Sabuni, njoo."

Walimfuata. Wifi alitangulia, Fundi nyuma, wakiacha nafasi kati yao kama watu wasiojuana vizuri.

Ofisi ilikuwa chumba kisicho na dirisha, kilichopakana na ukumbi. Mezani palikuwa na kompyuta. Nyota aliigeuza ili waone wote. Kwenye kioo palikuwa na sinki, na mgongo wa mwanamke.

"Huyu ni nani?"

"Mimi, bosi," wifi alisema.

"Unafanya nini?"

"Naosha."

"Tazama vizuri." Picha ikasogea. Mwanamke akainama, akainuka na kijiko, akakiingiza mdomoni, akakitumbukiza majini. "Unaosha kwa ulimi?"

Nyota alisogeza picha mbele, mwanamke akainama tena. Mbele tena. Tena.

"Mara kumi na nne. Jana tu. Nimekaa hapa nimehesabu kama mjinga. Chakula cha wageni! Mtu analipa, anakaa na mkewe, kumbe mdomo wako umetangulia." Alikuwa hapigi kelele. "Na chumvi je? Ni nani anayetia chumvi kwenye sufuria za watu?"

"Sijatia chumvi mimi."

"Kijiko unakipata wapi?"

Fundi alitazama kioo. Kamera ilifungwa kwa ajili ya sinki, nayo ilikuwa inaona sinki. Kila mara kijiko kilipotokea, mkono uliokileta ulikuwa umekatwa na ukingo wa kabati. Kilionekana kidole kimoja, na hata hicho, kwa unga na bizari, kingeweza kuwa cha mtu yeyote.

"Nimekuuliza, kijiko unapata wapi?"

"Bosi," wifi alisema polepole, "mwulize Fundi kwa nini naonja."

Ukutani, upande wa pili, maji yalikuwa yanatiririka. Fundi aliyasikia vizuri kabisa. Aliwaza kwamba masikio yake bado mazima. Aliwaza pia sare ya shule ya mtoto wa pili, ambayo mikono yake imekuwa mifupi, na dawa za miguu za mama. Mawazo yalipita moja moja, bila haraka, kama sahani zinazopitishwa dirishani.

"Haya, Fundi," Nyota alisema. "Wewe ndiye mwenye jiko. Ulimruhusu?"

"Hapana, bosi."

"Sasa anaonja kwa nini?"

Wifi alimgeukia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anamngoja tu, kama anavyomngoja kwenye kona ya duka la magodoro.

"Njaa, bosi," Fundi alisema. "Nadhani ni njaa."

Nyota aliegemea kiti. Mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Tatizo lilikuwa limepata jina, na jina hilo lingeweza kusemwa kwenye simu.

"Njaa," akarudia. "Na wali wa wafanyakazi kila siku tunawapa." Akamtazama wifi. "Una la kusema?"

"Mpishi wako hasikii ladha," wifi alisema. "Mwaka huu wote. Moshi umemla ulimi. Mimi ndiye ninayemsikilizia."

Nyota alicheka. Alicheka kweli, kwa furaha ya mtu ambaye hajacheka tangu saa kumi na mbili asubuhi.

"Mpishi asiye na ulimi! Yaani nyota nne na nusu tulipewa kwa dengu zako wewe, mwosha masufuria? Dada, mwizi mzuri huandaa uongo mzuri." Akainuka. "Fundi, mpeleke mlangoni. Mpekue."

*

Mtu akifukuzwa alipekuliwa kwenye mlango wa nyuma, mbele ya wenzake, na mpekuzi alikuwa mkuu wa idara yake. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku za mzee. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Watu wa jikoni walitoka wakasimama, Redio naye akatokeza.

Fundi alianza na mfuko wa plastiki: kandambili, kitana, kipande cha sabuni kilichobaki chembamba kama kucha. Akaingia mifukoni mwa aproni. Kisha mabegani, mbavuni. Mikono yake ilijua kazi. Alipekua kama anavyopekua mchele, akitafuta jiwe.

Ilipofika kiunoni, ikasimama.

Chini ya sare palikuwa na kitambaa kilichozungushwa mara nyingi na kukazwa kwa fundo. Chini ya kitambaa palikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, chenye joto. Fundi alikuwa amezaa watatu. Hakuhitaji kuambiwa. Mdogo wake alikuja miezi minne iliyopita, akalala siku nne, akaenda zake. Tangu hapo ndimu za nyumbani zikawa zinaisha, mama mzee akawa anawasingizia watoto. Mwanamke mjamzito chumvi kwake ni kama maji. Anaila na haimtoshi.

"Mbona umesimama?" Nyota aliuliza. "Ameficha nini tumboni?"

Nyuso zao zilikuwa karibu. Jasho lilikuwa juu ya mdomo wa wifi, matone madogo yaliyopangana. Mwenye mimba hakai pale. Wawili walishaondolewa mwaka huo, mmoja akiwa hata hajajua mwenyewe kuwa anayo. Kwa hiyo alijifunga. Akajificha kazini, na kwa kuwa kazini na nyumbani alitazamwa na macho yale yale ya Fundi, akajificha hata nyumbani.

"Fundi!"

"Hana kitu," Fundi alisema.

"Una hakika?"

"Hana kitu, bosi."

Alitoa mikono. Wifi alichukua mfuko wake, akashusha sare vizuri, akasema kwa adabu ya kazini, "Ahsante, dada Fundi." Akavuka ua, akapita kati ya mapipa ya taka yanayonuka sabuni, akatoka.

"Mmeona?" Nyota aliwaambia waliosimama. "Rudini kazini. Mteja hasubiri." Akamshika Fundi bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Wewe ungeweza kumficha. Wanawake mnafichana. Nitamwambia mkurugenzi kwamba wewe ni mtu wa nyumbani."

Saa sita na robo feni lilizimwa. Kufikia saa saba kasoro mwosha vyombo mpya alikuwa ameshapatikana, mama mnene mwenye haraka, aliyeimba chini chini. Fundi alipita sinkini mara moja na kijiko mkononi, kisha akakumbuka, akakiosha mwenyewe. Akatia chumvi kwa mkono. Akatazama rangi. Akasikiliza namna mchuzi unavyochemka, maana mchuzi mzito huchemka kwa sauti nyingine. Dirishani, meza ya tano, bwana mmoja alichovya mkate, akatafuna, akabaki ametulia akitazama mbele, na Fundi alimkazia macho mpaka alipomeza, asijue kama chakula kimekaa sawa.

"Je?" alimwuliza Redio.

"Wanakula," Redio alisema, akaondoka na sahani.

*

Alifika nyumbani saa moja jioni. Kwenye kona ya duka la magodoro hakuwa na wa kumngoja, akapita bila kusimama.

Chakula kilikuwa tayari. Wifi alikuwa amepika maharage na wali, amefagia, amewaogesha watoto. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Mama mzee alikaa ameegemea ukuta, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele.

"Wifi yako leo karudi mchana," mama alisema. "Kasema kazi imeisha."

"Imeisha," Fundi alisema.

"Na wewe?"

"Mimi bado ninayo."

Mama alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Hakuuliza zaidi. Alikuwa ameishi na wanawake maisha yake yote, alijua kimya kipi kinangoja swali na kipi hakingoji.

Wifi alipakua. Alikuwa amefungua kile kitambaa. Gauni lake la nyumbani lilikaa mbele wazi, na hakujisumbua kulivuta. Sahani ya kwanza alimpa Fundi, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa wa nyumba. Kisha mama, kisha watoto, akamalizia kwa kujipakulia, akakaa mkabala na Fundi, magoti yakikaribia kugusana.

Wakaanza kula.

Fundi alijaza kijiko, akatafuna, akameza. Maharage yalikuwa yameiva, yalilainika vizuri. Hilo alilisikia. Alijaza kingine. Alikuwa amechoka, na kula kulikuwa kazi ndogo kuliko zote za siku hiyo.

Kisha akaona mtoto wake mkubwa ameacha kutafuna. Msichana yule alikuwa na tonge mdomoni na macho yameelekea kwa bibi yake. Mdogo wake alifungua mdomo, akaliachia lililokuwemo likaanguka kiganjani. Mtoto wa wifi alianza kulia kwa sauti ndogo, ulimi nje. Mama mzee alikuwa amepeleka kijiko kimoja tu. Alikishusha, akatafuta kikombe cha maji kwa mkono mmoja, akanywa hadi chini.

Wifi alikuwa anakula. Alikula kwa utulivu, kijiko baada ya kijiko, kama mtu aliyekuwa na hamu na hiki hiki. Fundi alimtazama usoni akitafuta kitu, kosa au kisasi. Hakukiona. Ulikuwa uso wa mwanamke anayekula.

"Yamekolea, wifi?" mke wa mdogo wake aliuliza.

Chumba kizima kilimgeukia Fundi. Alikuwa na maharage mdomoni. Aliyazungusha upande huu, akayazungusha upande ule, taratibu, kama alivyofundishwa zamani, akiupa ulimi nafasi.

"Yamekolea," alisema.

"Mama," msichana mkubwa alinong'ona, "mama, acha."

"Kuleni," Fundi alisema. "Chakula hakichezewi."

Hakuna aliyekula. Sahani zilisogezwa katikati ya mkeka, moja, nyingine, nyingine, mpaka zikabaki mbili tu mikononi, za wanawake wawili waliokaa uso kwa uso wakitafuna. Mama mzee aliinama mbele kwa taabu, akakaza macho yake mabovu, akanyoosha mkono akamshika binti yake kidevu, kama anavyoshikwa mtoto aliyeficha kitu mdomoni.

"Hebu toa ulimi nione," alisema.

Fundi aliuondoa mkono ule kidevuni polepole, akauweka mapajani mwa mama mwenyewe, akajaza kijiko kingine.